Ukibonyeza 2 kwa Kiswahili, nani anajibu?

Baadhi ya ofisi za Lubumbashi sasa zina mtambo wa simu unaojibu wenyewe. Unapiga namba moja, sauti iliyorekodiwa inakusalimia kwa Kifaransa, inakuomba ubonyeze 1 kwa huduma hii na 2 kwa huduma ile, kisha unasikia muziki huku ukingoja mpokezi wa simu, yule ambaye maofisini tunamwita standardisti. Pengine mtambo unakupa pia nafasi ya kuchagua lugha. Nataka kuandika juu ya kitufe hicho cha lugha, kwa sababu ni mahali ambapo tunayosoma katika Kitivo chetu yanakutana na shida za watu wa kawaida, na sisi hatupo hapo.

Hoja yangu ni hii. Ofisi inayotoa kitufe cha Kiswahili inapaswa kuhakikisha kwamba nyuma ya kitufe hicho kuna mtu anayejibu kwa Kiswahili, na kwamba aliyekibonyeza hangoji muda mrefu kuliko aliyechagua Kifaransa. Katika mji kama wetu jambo hili halidai kuajiri hata mtu mmoja zaidi. Linadai foleni ipangwe vizuri, na anayeipanga ajue lugha ni nini.

Kwanza tuone foleni ya simu inavyofanya kazi, maana wengi wetu tunaijua kwa upande wa kungoja tu. Zamani mpokezi alikaa mbele ya ubao wenye matundu na nyuzi, akaunganisha simu kwa mkono. Leo kazi hiyo inafanywa na programu. Mojawapo inayojulikana sana ni Asterisk, iliyoanzishwa na Mmarekani Mark Spencer mwaka 1999. Haina malipo, na fundi anaweza kuiweka kwenye kompyuta ya kawaida. Simu ikiingia wakati wapokezi wote wanaongea, programu haimkatishi mpigaji. Inamweka kwenye foleni, au mulongo kama tunavyosema kwetu. Mpokezi wa kwanza kumaliza anapewa mpigaji aliyetangulia. Fundi ndiye anayeandika masharti: simu ilie kwa wapokezi wote pamoja au kwa zamu, mpigaji aambiwe nafasi yake au asiambiwe, angoje hadi lini, na wapokezi gani wahudumie foleni gani.

Hilo la mwisho ndilo linalotuhusu. Siku ofisi inapoamua kuweka lugha mbili, wazo la kwanza linalowajia watu ni kufanya foleni mbili: ya Kifaransa na ya Kiswahili. Linaonekana kuwa wazo la haki. Tulipime kwa hesabu.

Hesabu ya foleni za simu ilianza zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Agner Krarup Erlang, mtaalamu wa hisabati wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1909 na tena mwaka 1917 kanuni za kukadiria watu watangoja kiasi gani kulingana na wingi wa simu na idadi ya wapokezi. Jina lake likawa kipimo. Chukua ofisi inayopata simu 24 kwa saa, na kila mazungumzo yanachukua dakika 5 kwa wastani. Hizo ni dakika 120 za kuongea ndani ya saa moja, yaani kazi ya watu 2 wasiopumzika hata kidogo. Wataalamu wanasema mzigo huo ni erlang 2.

Kwa mzigo huo, wapokezi 2 hawatoshi, kwa sababu simu haziji kwa mpangilio. Saa nne asubuhi zinakuja tano kwa mara moja, baadaye kidogo hakuna. Ukiweka wapokezi 4 kwenye foleni moja, kanuni ya Erlang inaonyesha kwamba karibu watu 17 kati ya 100 watalazimika kungoja, na ukigawanya muda wa kungoja kwa wapigaji wote unapata wastani wa sekunde 26. Hiyo ni huduma nzuri.

Sasa tugawe. Tuseme nusu ya wapigaji wanachagua Kiswahili na nusu Kifaransa. Wapokezi ni walewale 4, simu ni zilezile 24, ila tumefanya foleni mbili zenye wapokezi 2 kila moja. Wastani wa kungoja unapanda kutoka sekunde 26 hadi sekunde 100, kwa pande zote mbili. Sababu yake ni rahisi: mara nyingi mpokezi wa foleni moja atakuwa amekaa bure huku watu wa foleni nyingine wanangoja, na mtambo haumruhusu kuwasaidia.

Lakini ofisi haigawi hivyo. Inaweka watatu kwa Kifaransa na mmoja kwa Kiswahili, kwa kuwa Kifaransa ni lugha ya kazi na Kiswahili ni msaada tu. Hapo wanaobonyeza Kifaransa wanangoja wastani wa sekunde 14 hivi. Wanaobonyeza Kiswahili wana mpokezi mmoja mwenye simu 12 kwa saa za dakika 5 kila moja, yaani dakika 60 za maneno katika saa ya dakika 60. Kwa mzigo kama huo kanuni ya Erlang haitoi wastani wowote, kwa sababu foleni inaendelea kurefuka saa baada ya saa. Kwa mpigaji maana yake ni kwamba amechagua lugha yake na anaadhibiwa kwa kuichagua.

Tena anaadhibiwa kwa feza zake. Mtambo ukishapokea simu, hesabu ya dakika imeanza, hata kama anachosikia ni muziki. Kwetu watu wengi wananunua unite kidogo kidogo, na mtu mwenye unite za dakika chache hawezi kumaliza dakika saba akisikiliza gitaa. Atakata.

Akikata, jambo jingine linatokea ambalo linaniudhi kuliko yote. Mwisho wa mwezi shefu wa ofisi anaomba ripoti ya mtambo. Ripoti inaonyesha kwamba simu zilizojibiwa kwa Kifaransa ni nyingi na zilizojibiwa kwa Kiswahili ni chache. Shefu anasema: mnaona, hakuna anayehitaji Kiswahili. Mwezi unaofuata kitufe kinaondolewa. Hakuna aliyeuliza ni watu wangapi walibonyeza Kiswahili wakakata kabla ya kujibiwa. Mtambo unajua hesabu hiyo, maana unaandika kila simu iliyoachwa njiani na muda iliyongoja, lakini haitoi mpaka mtu aiombe. Kwa hiyo, kama wewe msomaji siku moja utafanya kazi katika ofisi ya namna hiyo, omba ripoti ya simu zilizoachwa, na omba itenganishwe kwa lugha.

Suluhisho ni lipi basi? Ni kukumbuka kwamba huku kwetu mtu anayejua Kifaransa cha ofisi karibu kila mara anajua pia Kiswahili. Nilipofanya staji katika ofisi moja ya mji huu, ambayo sitaitaja, nilikaa siku kadhaa karibu na wapokezi wa simu. Walikuwa wanne, na wote wanne waliongea Kiswahili kati yao tangu asubuhi hadi jioni. Walikuwa wameagizwa kujibu kwa Kifaransa tu. Siku moja alipiga mama mmoja. Mpokezi akamsalimia kwa Kifaransa, mama akajibu kwa Kiswahili, mpokezi akarudia Kifaransa chake polepole, mama akarudia Kiswahili chake kwa sauti kubwa zaidi. Ilipofika dakika ya tatu mpokezi aligeuza uso kuelekea ukuta, akashusha sauti, akasema: « Mama, mulete karatasi ya mutoto kesho asubui. » Mama akashukuru, simu ikaisha. Kile kilichokuwa kimeshindikana kwa dakika tatu kilichukua sekunde tano.

Ofisi hiyo haikukosa mpokezi wa Kiswahili. Ilikuwa nao wanne, na ilikuwa imewakataza. Kwa ofisi kama hiyo foleni mbili hazihitajiki. Inahitajika foleni moja, wapokezi wote ndani yake, na kila simu ibebe alama ya lugha. Mpigaji anabonyeza 1 au 2, mtambo unakumbuka, matangazo yote atakayosikia akingoja yanakuwa katika lugha hiyo, na simu inapomfikia mpokezi, mtambo unamnong'oneza neno moja sikioni kabla ya kumuunganisha: « Kiswahili ». Mpigaji hasikii neno hilo. Mpokezi anajua namna ya kusalimu. Asterisk inaweza kufanya haya yote bila kuongeza kitu chochote cha kununua. Tunarudi kwenye sekunde zetu 26, na wote wanangoja sawa.

Kama ofisi ina mpokezi mmoja au wawili wasiojua Kiswahili, labda kwa sababu wametoka mkoa mwingine, bado kuna njia. Foleni zinakuwa mbili, lakini wale wanaojua lugha zote mbili wanaandikishwa katika zote mbili. Programu inaruhusu pia kumpa kila mpokezi daraja: simu ya Kifaransa imtafute kwanza yule asiyejua Kiswahili, ili wenye lugha mbili wabaki huru kwa simu ya Kiswahili. Hizi ni dakika chache za kazi kwa fundi. Lakini fundi hawezi kuziwaza kama hakuna aliyemwambia nani anaongea nini, na swali hilo haliulizwi kwenye mkutano wa kununua mtambo.

Najua watakaopinga. Kundi la kwanza litasema kwamba Kifaransa ndiyo lugha rasmi. Ni kweli. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika ibara yake ya kwanza, inasema hivyo. Lakini ibara hiyohiyo inataja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba kuwa lugha za taifa, na inaipa leta wajibu wa kuziendeleza bila ubaguzi. Barua ya ofisi iandikwe kwa Kifaransa, sina neno. Lakini mtu anayepiga simu kuuliza kama mtoto wake aletwe leo au kesho haombi hati rasmi. Anaomba kuelewa. Na hoja yangu ikikubaliwa kwa Lubumbashi inakubalika pia kwa Kiluba kule Mbuji-Mayi, Kilingala kule Kinshasa na Kikongo kule Matadi. Sidai kiti cha pekee kwa Kiswahili.

Kundi la pili litasema kwamba mjini kila mtu anasikia Kifaransa. Wanaosema hivyo mara nyingi ni watu wa chuo kikuu. Kusikia Kifaransa sokoni au kwenye televisheni si sawa na kukifuata katika simu. Kwenye simu huoni uso wala mkono, huwezi kuonyeshwa karatasi kwa kidole, laini inakatika-katika, na sauti iliyorekodiwa haikungoji. Inataja huduma sita mfululizo kwa Kifaransa cha wanasheria, na ukikosa ya nne huwezi kuuliza « unasema? ». Mtu anayejitetea vizuri kwa Kifaransa mlangoni anaweza kushindwa kabisa akiwa na simu sikioni.

Kundi la tatu ndilo la kwetu hapa Kitivoni, na nalijibu kwa urefu zaidi. Litauliza: Kiswahili gani? Kuna wanaosema kwamba kabla ya kuweka Kiswahili kwenye mtambo lazima kwanza tuwafundishe watu Kiswahili bora, au tuchukue sauti zilizorekodiwa Dar es Salaam. Ninaheshimu Kiswahili sanifu. Ndicho ninachoandikia sasa hivi. Lakini tangazo la simu lina kazi moja, yaani kueleweka mara ya kwanza na mtu mwenye haraka. Tangazo likisema « bonyeza », watu wengi wataelewa, ingawa nyumbani kwetu tunasema « finya ». Likisema « ankara », nina shaka. Kwetu ni « fakitire ». Likisema « faili lako », mama ataelewa zaidi ukisema « dosie yenu ». Na « yenu » hiyo si kosa la hesabu. Kwetu mtu mzima anaambiwa kwa wingi, kwa heshima. Sauti inayomwambia mzee « ngoja » kwa umoja inaweza kuwa sahihi kwa kitabu cha sarufi na kuwa utovu wa adabu kwenye sikio lake. « Mungojee kiloko, papa » itapokelewa vizuri zaidi, hata kama mwalimu wetu wa sarufi atakunja uso.

Namba nazo zina shida yake. Katika Kiswahili chetu cha mjini watu wengi wanataja bei, tarehe na hasa namba za simu kwa Kifaransa, hata katikati ya sentensi ya Kiswahili. Mpokezi akilazimishwa kuomba « namba ya faili » na kuirudia kwa Kiswahili tupu, sifuri, tisa, tisa, saba, atamchanganya mpigaji na kuongeza dakika. Mwache mpigaji ataje namba kwa lugha anayoitumia kwa namba. Hilo si kuharibu lugha. Ndivyo wenye lugha wanavyoitumia, na kazi yetu sisi wanaisimu ni kuanza na wanavyoitumia.

Lakini pia lipo jambo ambalo ujuzi wa sarufi unahitajika kweli, na fundi hawezi kulifanya peke yake. Mtambo hausemi sentensi nzima. Unaunganisha vipande vya sauti: kipande « kuna », kipande cha namba, kipande « mbele yako ». Katika Kifaransa inatosha kurekodi kila namba mara moja, ukiangalia tu *un* na *une*. Katika Kiswahili sanifu namba 1 hadi 5 na 8 zinafuata ngeli ya jina: mtu mmoja, watu wawili, watu wanane, lakini simu moja, simu mbili, simu nane. Namba 6, 7, 9 na 10 hazibadiliki. Fundi asiyejua hili atarekodi « moja, mbili, tatu » mara moja, kisha mtambo utamwambia mpigaji kwamba kuna « watu mbili » mbele yake. Wapo kati yetu wanaosema hivyo nyumbani, lakini kwa tangazo la ofisi wengine watacheka, na kicheko hicho kitachukuliwa kuwa ushahidi kwamba Kiswahili hakifai kwa mambo ya kisasa.

Dawa yake ni nyepesi. Usihesabu watu, hesabu simu: « Kuna simu mbili mbele yenu. » Jina simu liko katika ngeli ambayo namba inabaki ilivyo: simu moja, simu mbili, simu tatu, simu nane. Vivyo hivyo dakika: « Mutangojea karibu dakika tatu. » Rekodi kumi za namba zinatosha kwa matangazo yote mawili, na hakuna kosa hata moja. Na tukwepe kusema « wewe ni wa… », kwa sababu hapo utahitaji « wa kwanza » na « wa pili », ambavyo haviundwi kutoka kwa moja na mbili. Namba zinazozidi kumi nazo zinahitaji uangalifu. Mtambo uliopangwa kwa utaratibu wa Kiingereza utasoma 24 kwa kubandika ishirini na nne bila « na » katikati, na 2000 utasema « mbili elfu ». Mtu lazima auandikie sharti la Kiswahili. Mtu huyo anaweza kuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa Kitivo hiki akikaa saa moja na fundi.

Hapa ndipo ninapotaka kufika. Tunasoma ngeli tangu mwaka wa kwanza. Tunaandika kazi za mwisho wa masomo juu ya viambishi, juu ya maneno ya mkopo, juu ya kuchanganya lugha. Kazi nyingi zinafungwa kabatini. Na nje ya ua wetu, ofisi zinanunua mitambo inayoongea na maelfu ya watu, na maneno ya mitambo hiyo yanaandikwa na fundi wa kompyuta jioni moja, mara nyingi kwa kutafsiri Kifaransa neno kwa neno. Fundi hana hatia. Hakuna aliyemwelekeza kwetu, na sisi hatujatoka kumtafuta.

Ninapendekeza mambo matatu, madogo ya kutosha kufanyika mwaka huu wa masomo. La kwanza, wanafunzi wa lugha za Kiafrika, kama kazi ya vitendo ya somo mojawapo, waandike na kurekodi seti moja ya matangazo ya foleni kwa Kiswahili cha huku kwetu: salamu, uchaguzi wa huduma, nafasi katika foleni, muda wa kungoja, namba, na kuaga. Yawe maneno mafupi, yajaribiwe kwa wazee, kwa wauza soko na kwa vijana kabla ya kukubaliwa. Kisha yatolewe bure kwa ofisi yoyote itakayoyataka, na wenzetu wa Kiluba na Kilingala wafanye vivyo hivyo.

La pili, tuandike karatasi moja ya maelekezo kwa wakubwa wa ofisi. Isiwe hotuba juu ya fahari ya lugha zetu. Iwe na hesabu niliyoionyesha hapa: foleni moja yenye alama ya lugha, sekunde 26, foleni mbili zilizotenganishwa, sekunde 100, watatu kwa mmoja, foleni isiyoisha upande wa Kiswahili. Shefu ambaye hajali isimu anajali simu zinazopotea na wapokezi wanaokaa bure. Tumwonyeshe kwamba haki na hesabu zinamwelekeza njia moja.

La tatu ni kwa wale kati yetu watakaokaa kwenye kiti cha mpokezi, na tutakuwa wengi, kwa sababu ofisi zinapotafuta wapokezi zinapenda watu waliosoma lugha. Ukipewa agizo la kujibu kwa Kifaransa tu, uliza agizo hilo limeandikwa wapi na kwa faida ya nani. Uliza kwa adabu, ukiwa na ripoti ya simu zilizoachwa mkononi. Najua si rahisi kwa mtu aliyepata kazi jana. Ndiyo maana ningependa swali hilo litoke kwanza kwa walimu wetu, kwa barua ya Kitivo, kabla halijatoka kwa mpokezi peke yake mbele ya shefu wake.

Labda mtu ataona nimetumia kurasa nyingi kwa jambo dogo, kitufe kimoja cha simu. Lakini yule mama aliyeambiwa alete karatasi ya mtoto kesho asubuhi alijibiwa kwa sababu mpokezi alivunja sheria ya ofisi yake. Mwingine angemtii shefu wake na mama angekata simu bila jibu. Sioni kwa nini jibu la mtoto mgonjwa litegemee ujasiri wa mpokezi, wakati fundi anaweza kulipanga kwenye mtambo kwa siku moja, sisi tukimwandikia maneno.